Maumivu ya Uwongo Katika Mpira wa Vyuo vya Marekani



Katika michezo mingi ya mpira duniani iko sheria moja isiyohusu kushinda wala kushindwa. Nayo ni hii, kwamba mchezaji akianguka akaumia, mchezo husimama mpaka atazamwe. Sheria hii haina mpinzani, maana haiwezekani watu waendelee kukimbizana na mpira na huku mwenzao amelala chini amevunjika mguu. Ni sheria ya huruma, na kwa sababu hiyo haikuwekewa ulinzi wowote: aliyeumia huitumia, na mwongo naye akitaka huitumia.

Habari hizi ni za vyuo vikuu vya Marekani, ambako wako vijana walioamriwa na walimu wao wa mpira walale chini na kushika goti au mgongo usiouma. Hila hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 70 kule, na ni mwaka 2025 tu wakuu wa mchezo walipoiwekea gharama uwanjani pale pale. Sheria waliyoitunga ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa haiulizi hata kidogo kama mtu ameumia au hakuumia. Ili kuifahamu sababu yake, yafaa kwanza kuujua mchezo wenyewe.

Mpira wa Kimarekani si ule wa miguu unaojulikana Afrika ya Mashariki. Mpira wao umechongoka ncha mbili mfano wa papai dogo, nao hushikwa kwa mikono, hutupwa, na huchukuliwa mbio kifuani. Kiwanja kina urefu wa yadi 100, na kila upande una watu 11. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa mengine manne, wakishindwa huwaachia wenzao. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na mkwaju mmoja baada ya hapo huongeza pointi 1. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu. Watu wakishaangushana, waamuzi huuweka mpira chini, wachezaji hujipanga upya pande mbili wakitazamana, kisha jaribio jingine huanza.

Basi kitu cha thamani kubwa katika mchezo huo ni saa. Mchezo mzima ni dakika 60, na siku hizi kila timu hupewa ruhusa tatu tu za kuusimamisha katika kila nusu. Timu iliyokwisha kuzitumia ruhusa zake haiwezi tena kumwomba refarii asimamishe saa. Lakini mtu akiumia, refarii huisimamisha mwenyewe, na kwa miaka mingi hakumdai mtu ruhusa hata moja. Hapo ndipo palipokuwa na tundu.

Tarehe 21 Novemba mwaka 1953 timu ya chuo cha Iowa ilisafiri kwenda Notre Dame, chuo cha Wakatoliki katika jimbo la Indiana. Notre Dame walikuwa hawajashindwa na mtu mwaka ule. Mwalimu wao, Frank Leahy, alikuwa na sifa nchi nzima, na timu yake iliitwa kwa jina la fahari, Waayalandi Wapiganaji. Iowa hawakutazamiwa kufanya neno. Hata hivyo wao ndio waliotangulia kwa pointi 7, na nusu ya kwanza ilikuwa karibu kwisha. Notre Dame walikuwa wamefika karibu na mstari wa Iowa, lakini ruhusa zao zimekwisha na saa inakwenda. Mara kijana wao mmoja wa mstari wa mbele, mtu wa mwili mkubwa na afya njema, akashika mgongo akaanguka. Saa ikasimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 2. Katika jaribio lililofuata Notre Dame wakautupa mpira, ukadakwa nyuma ya mstari, na hesabu ikawa 7 kwa 7.

Katika nusu ya pili Iowa wakatangulia tena, 14 kwa 7, zikiwa zimebaki dakika 2 hivi. Notre Dame wakausukuma mpira mbele kwa haraka, na ruhusa zikawaishia kama mara ya kwanza. Hila ile ile ikarudiwa, na saa ikasimama. Zikiwa zimebaki sekunde 6 mpira ukatupwa, ukadakwa, na mchezo ukaisha 14 kwa 14.

Watu wa Iowa walirudi kwao na uchungu mwingi. Mwalimu wao, Forest Evashevski, hakuficha maoni yake kwamba wamedhulumiwa. Waandishi wa magazeti nao waliligeuza lile jina la fahari, wakawaita Notre Dame Waayalandi Wazimiaji. Na kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa sauti, dhihaka ile ilishika mara moja na haijasahauliwa mpaka leo. Notre Dame walimaliza mwaka bila kushindwa, michezo 9 ya ushindi na ule mmoja wa sare. Lakini waandishi wa habari walipopiga kura zao za mwisho kuchagua timu iliyo bora katika nchi, Maryland iliwekwa juu, na Notre Dame ikawa ya pili.

La kusikitisha ni kwamba mwezi mmoja tu kabla ya siku ile Leahy mwenyewe alikuwa ameanguka kweli. Katika mapumziko ya mchezo wa mwezi wa Oktoba alizidiwa na maradhi hata kasisi akaitwa kumsomea sala za mwisho. Alipona, akaendelea na kazi mpaka Januari 1954, alipojiuzulu. Kwa hiyo mtu huyu alijua vizuri sana tofauti baina ya mtu anayeanguka na mtu anayejiangusha. Refarii ndiye asiyeweza kuijua. Yeye aliona mtu chini, akafanya kama sheria ilivyomwamuru.

Siku zile hila hii ilikuwa ya upande wenye mpira, ambao ulihitaji saa isimame. Miaka mingi baadaye ikageuka ikawa silaha ya upande wa pili, nao ni walinzi, na sababu yake ni mbio.

Desturi ya zamani ilikuwa kwamba baada ya kila jaribio washambuliaji hukusanyika duara, hunong'onezana shauri, kisha hujipanga. Katika muda huo kila mtu hupata pumzi, na walinzi wanaweza kumtoa aliyechoka na kumwingiza mwingine. Lakini wakatokea walimu waliouacha mkutano ule wa duara. Aliyevuma kuliko wote ni Chip Kelly, mwalimu mkuu wa chuo cha Oregon toka mwaka 2009 hata 2012. Vijana wake walipewa shauri kwa ishara toka pembeni mwa kiwanja, wakajipanga mara tu mpira ulipowekwa chini, wakaanza tena kabla adui hajainuka vizuri. Sheria yasema kuwa washambuliaji wakibadili mtu, walinzi nao hupewa nafasi ya kubadili. Lakini wasipobadili, hawalazimiki kumngoja mtu. Basi Oregon hawakubadili. Mlinzi mwenye uzito wa kilo 130 na zaidi alijikuta amenaswa uwanjani, pumzi zimemwishia, wala hana njia ya kutoka.

Njia moja ilikuwepo. Akianguka, mchezo husimama; yeye atatoka kwa jaribio moja, kama sheria inavyotaka, lakini wenzake kumi wote watakuwa wamepumzika, na mbio za adui zitakuwa zimekatika.

Mwezi wa Novemba mwaka 2010 Oregon walikuwa wa kwanza katika orodha ya timu bora za nchi nzima, wakipata kwa wastani zaidi ya pointi 50 kwa mchezo. Tarehe 13 walikwenda Berkeley kucheza na chuo cha California. Walishinda, lakini kwa shida kubwa, 15 kwa 13. Wakati wa mchezo ule mlinzi mmoja wa California alionekana katika televisheni akitazama pembeni kwa walimu wake, kisha akaenda chini. Picha ile ilirudiwa mara nyingi na watu wakailinganisha na mchezo wa kuigiza. Baada ya siku chache chuo chenyewe kilitangaza kwamba Tosh Lupoi, mwalimu wa walinzi wa mstari wa mbele, ndiye aliyemwagiza kijana ajifanye ameumia, na kikamsimamisha kazi kwa mchezo mmoja.

Katika jambo hilo chuo kilitenda kwa haki, maana kilimshika mwenye kosa. Mchezaji wa chuo ni mwanafunzi. Nafasi yake katika timu iko mikononi mwa mwalimu, na aghalabu karo yake ya masomo imefungamana na nafasi hiyo. Mwalimu akimpa ishara ya kulala chini, kijana wa miaka 19 atasema nini? Vitabu vya sheria za mchezo huo vina fungu zima linaloonya juu ya heshima ya mchezo, na humo imeandikwa wazi kwamba kujifanya umeumia ni udanganyifu. Lakini fungu lile halikuwa na adhabu hata ya yadi moja, na mtu akifungwa kwa neno la heshima peke yake atatoka mapema. Wala Lupoi hakuharibikiwa na kazi yake. Mwaka 2022 aliajiriwa na Oregon, chuo kile kile alichokuwa akijaribu kukipunguza mbio, akawa msimamizi wa ulinzi wao wote.

Haifai hata hivyo kuwasikiliza wenye mbio peke yao. Walimu wa upande wa pili walikuwa na hoja, nayo ilikuwa hoja ya usalama: kwamba si vyema kumlazimisha mtu aliyechoka kabisa aendelee kugongana na wenzake. Mwezi wa Februari mwaka 2014 kamati ya sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilipendekeza washambuliaji wazuiwe kuanza jaribio katika sekunde 10 za kwanza, ili walinzi wapate nafasi ya kubadili watu. Nick Saban wa Alabama na Bret Bielema wa Arkansas waliunga mkono. Wenye mbio walipiga kelele kwamba hiyo ni hila ya wazito kuwafunga miguu wepesi, wakataka waonyeshwe ushahidi kwamba mbio zinaumiza watu. Ushahidi wa kutosha haukuletwa, na mwezi wa Machi pendekezo likawekwa kando. Kwa hiyo mambo yakabaki kama yalivyokuwa, na vijana wakaendelea kuanguka.

Mpaka hapa mtu aweza kucheka na kusema kuwa huo ni ujanja wa mchezo tu, na aliyedhulumiwa amepoteza pointi chache. Ingekuwa ni pointi tu, hotuba hii isingekuwa na haja. Hasara yenyewe ilionekana tarehe 9 Oktoba mwaka 2021, na ilionekana Iowa, watu wale wale waliodhulumiwa mwaka 1953.

Siku hiyo Iowa walikuwa wenyeji wa Penn State. Timu hizo zilikuwa ya tatu na ya nne katika orodha ya nchi, na uwanja ulijaa pomoni. Penn State walitangulia 17 kwa 3, kisha mtupaji wao mkuu wa mpira akaumia, akatoka, asirudi tena. Walinzi wao nao wakawa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Watazamaji wa Iowa wakaona kuwa hiyo ni ile hila inayojulikana, wakaanza kuwazomea walioanguka. Maelfu ya watu wakamzomea kijana aliyelala chini, na madaktari wameinama juu yake. Iowa walishinda 23 kwa 20. Baada ya mchezo mwalimu wao, Kirk Ferentz, hakuwalaumu watazamaji. Alisema kwamba walihisi kuna hila. Mwalimu wa Penn State, James Franklin, alikasirika, akajibu kwamba timu yake haina mwenendo huo, na tena Iowa si watu wa kucheza kwa mbio, hivyo yeye angepata faida gani kuwapunguza?

Nani alikuwa na haki katika kila anguko la siku ile, hapana awezaye kusema. Lakini jambo moja lajulikana. Miongoni mwa walinzi wa Penn State walioumia katika mchezo ule alikuwamo kijana mmoja wa mstari wa mbele, nguzo ya timu yake, ambaye hakucheza tena mwaka ule. Maumivu yake hayakuwa ya kuigiza. Bali yalikuja baada ya maigizo mengi ya watu wengine, asiowajua, katika viwanja vingine. Na watazamaji waliokwisha kudanganywa mara nyingi hawakuwa na huruma iliyobaki ya kuwapa walioanguka mbele yao. Mwongo wa mwaka 2010 alitoka uwanjani bila jeraha, na deni lake likalipwa na kijana mwingine miaka 11 baadaye.

Hiyo ndiyo sababu wakuu wa mchezo hawakuweza kulifumbia jambo hili macho, na pia ndiyo sababu walipata taabu kulitengeneza. Je, refarii apewe amri ya kumwambia mchezaji kwamba hakuumia? Akikosea mara moja tu, akamwinua mtu aliyepigwa kichwani akamrudisha mchezoni, nani atabeba lawama? Waamuzi wenyewe hawakuitaka kazi hiyo, na si ajabu.

Toka mwaka 2021 ukawekwa utaratibu wa kupeleka mashtaka baada ya mchezo: chuo kikishuku hila, picha za sinema zapelekwa kwa msimamizi mkuu wa waamuzi wa nchi, naye hutoa maoni yake, adhabu iliachiwa miungano ya vyuo na vyuo vyenyewe. Utaratibu ule ulikuwa wa pole mno. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Greg Sankey, mkuu wa muungano wa vyuo vya kusini-mashariki uitwao SEC, aliandikia vyuo vyake 16 barua kali, akawaambia waache mara moja. Msimamizi wa waamuzi akiona kwamba pana udanganyifu, mwalimu mkuu atakaripiwa hadharani na kutozwa dola 50,000; mara ya pili dola 100,000; mara ya tatu atasimamishwa mchezo mmoja. Uzuri wa barua ile ni kwamba, kama ilivyokuwa Berkeley, mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mwalimu. Ubaya wake ni kwamba hukumu huja siku kadha baada ya mchezo, na mchezo ulioshindwa kwa hila haurudiwi. Tena kwa watu wanaolipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, faini ya namna hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa gharama ya kazi.

Ndipo mwaka 2025 NCAA wakachukua njia nyingine. Waliliacha kabisa swali la kama maumivu ni ya kweli. Sheria mpya yasema hivi: mpira ukishawekwa chini na waamuzi tayari kwa jaribio lifuatalo, kisha mchezaji akaonyesha kuumia na madaktari wakaingia kumtazama, timu yake yatozwa ruhusa moja katika zile tatu. Ikiwa ruhusa zimekwisha, yaadhibiwa yadi 5 kwa kuchelewesha mchezo. Hakuna anayeitwa mwongo, wala hapana picha za kutazamwa siku ya Jumatatu. Kilichokuwa cha bure kimewekewa bei, na bei hulipwa pale pale.

Sababu ya kuchagua wakati huo, yaani baada ya mpira kuwekwa, yaeleweka kwa urahisi. Mtu huumia watu wanapogongana. Anayesimama wima, akatembea mpaka mahali pake, akamtazama mwalimu, kisha akaanguka wakati hakuna aliyemgusa, ana mambo ya kueleza. Si kwamba haiwezekani: mshipa hukaza wakati wowote, hasa kwa mtu aliyekimbia saa mbili, na kizunguzungu cha mtu aliyepigwa kichwani huenda kikamjia baada ya hatua kumi. Kijana wa namna hiyo sasa ataigharimu timu yake ijapokuwa hana hatia. Hapa ndipo penye shaka ya kweli juu ya sheria hii. Kijana aliyepigwa kichwa, akijua kwamba ruhusa za timu yake zimekwisha na kuanguka kwake kutawapa adui yadi 5, huenda akajikaza kusimama wakati ambapo angepaswa kulala. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya huruma imetiwa bei, na bei humpata kila mtu. Wakuu wa mchezo walijua hivyo, wakaona kwamba kuiacha bure kumeleta madhara makubwa zaidi.

Na tundu halikuzibwa lote. Kijana atakayejiangusha pale pale jaribio linapokatika, kabla mpira haujawekwa, hadaiwi ruhusa wala yadi. Yampasa awe mwepesi tu, na mwalimu wake atoe ishara mapema zaidi kuliko zamani. Naye refarii akimwona yuko chini ameshika mgongo, hana la kufanya ila lile lililofanywa mwaka 1953, kupuliza filimbi, kusimamisha saa, na kuwaita madaktari.